Anti, nikodi akaunti yenye nyota au nikawe keshia Sabasaba?

Shikamoo Anti,

Naomba jina langu ulifiche kabisa maana dada yangu anakusoma na shemeji naye anakusoma japo hasemi. Mimi ni binti wa miaka 26, nimesoma uhasibu hapa hapa UDOM, nikamaliza, nikaanza kuomba Ajira Portal kama wenzangu wote, nimeitwa usaili wa kuandika, nikarudi nyumbani, ndo hivyo. Kwetu ni Mpwapwa ila naishi kwa dada yangu mkubwa huku Nkuhungu, Dodoma, yeye ni mwalimu wa msingi na shemeji anafanya kazi Mtumba.

Mwaka jana rafiki yangu niliyekaa naye hosteli akanifungua macho kuhusu kazi za mtandaoni, Upwork na Fiverr, yeye anatafsiri na kuandika maneno ya rekodi za sauti na hela anapata, nimeiona kwa macho. Nikaona na mimi siwezi kushindwa maana Excel naijua vizuri tu. Dada akakopa kwenye kikoba chake laki sita na nusu nikanunua laptopu ya mtumba, na marejesho anatoa yeye kila mwezi.

Nikafungua akaunti, nikaweka picha nzuri, bei nikaweka dola 3 kwa saa ambayo ndo ya chini kabisa wanayoruhusu Upwork, nikijua watu watakimbilia bei. Asubuhi wakishatoka wote na watoto wameenda shule nakaa mezani natuma maombi. Anti nimetuma mpaka nimechoka. Zile Connects za kuombea kazi nanunua kwa kadi ya M-Pesa, zinaisha, nanunua tena, kimya. Walionijibu ni wawili. Mmoja akataka tuhamie Telegram nilipe kwanza dola 40 za usajili eti nitarudishiwa, huyo nikamkimbia. Mwingine akanipa hesabu za miezi mitatu nimfanyie kama jaribio, nikakesha, nikamtumia, mpaka leo hajasema hata asante.

Barua ninayotuma naandika kwa Kiingereza ila kwa Kiswahili ingekuwa hivi: "Mpendwa Bwana au Bibi, mimi ni mhitimu wa shahada ya uhasibu, mwenye bidii, mwaminifu, ninayeweza kufanya kazi bila kusimamiwa sana. Nimevutiwa na kazi yako na ninaomba nafasi ya kuonyesha uwezo wangu." Nabadilisha kidogo tu kulingana na kazi. Kuna moja niliitamani mno, mama mmoja wa Uingereza anauza mishumaa Etsy, ule mtandao wa kuuzia bidhaa, anatafuta mtu wa kulinganisha mauzo yake na benki kila mwezi, na mwisho wa tangazo akasema tumwambie kwanza hela za wateja waliorudishiwa tungezishughulikiaje. Hakunijibu na yeye. Nahisi wakiona tu Tanzania wanaruka, wanachukua Wafilipino na Wahindi.

Sasa kwenye grupu moja la Telegram kuna mtu anakodisha akaunti. Ni ya mtu wa nchi nyingine, ina nyota tano za wateja na kazi kibao zimeshafanyika. Anataka laki na nusu ya kuanzia halafu kila kazi nitakayopata anachukua asilimia 40. Rafiki yangu anasema wanaofanya hivyo ni wengi, ukishapata uzoefu unatoka unaendelea na yako. Laki na nusu ninayo, mama ameuza karanga akanitumia, akasema nianzie maisha.

Na huku shemeji amenitafutia ukeshia kwenye duka la vifaa vya ujenzi Sabasaba, laki mbili kwa mwezi, saa mbili asubuhi mpaka saa moja usiku, kupumzika ni Jumapili tu. Anataka jibu kabla mwezi haujaisha. Anti, na digrii yangu nikae nahesabu misumari? Juzi umeme umeisha dada akasema "LUKU yote inaishia kwenye hiyo kompyuta". Hakusema kwa ubaya ila nilienda kulia bafuni. Kazi pekee ninayofanya hapa nyumbani ni za bure, natunza hesabu za kikoba cha dada, nimewatengenezea faili la Excel linalopiga hisa na riba na faini lenyewe. Kwenye mgao uliopita hesabu iligoma kwa sh 14,000, wamama wakaanza kuangaliana vibaya, mpaka nikaona faini za mwezi mmoja zimeingizwa mara mbili. Basi hayo ndo maisha yangu.

Nikodi ile akaunti, niende dukani, au niendelee kukaa kwenye hii meza? Nijibu Anti, siku zinaenda.

Binti wa Nkuhungu

*

Marahaba mdogo wangu, na pole.

Nimesoma barua yako nikairudia, na kila nikiirudia naona ina watu wengi kuliko ulivyowahesabu. Umeniuliza vitu vitatu, kukodi, ukeshia au kuendelea, ila nyuma yake kuna mama aliyeuza karanga, dada anayerejesha mkopo wa laptopu ambayo hana faida nayo bado, shemeji aliyeenda kukuombea kazi kwa watu, na wewe katikati unayetaka sana kuonekana hukusoma bure. Nikikosea utanirekebisha. Maana kama shida ni hela ya mwezi huu, majibu yako tofauti na kama shida ni heshima mezani, na kwenye barua yako sioni vizuri ni ipi inayokuuma zaidi.

Tuanze na hili la Tanzania. Sitakuambia hakuna mteja anayechagua nchi, wapo, mitandao yenyewe inamruhusu mteja kuchuja kwa nchi. Ila nikuulize kwa upole, hiyo barua yako, ingetumwa na binti wa Manila ingejibiwa? Mimi naona hapana. Barua yako ni nzuri sana kwa kupeleka Utumishi. Ni barua ya kuomba ajira, inamwambia bosi mimi ni mtu wa namna gani. Yule mama wa mishumaa hatafuti mtu wa namna gani, anatafuta mtu wa kumwondolea kero moja ya mwisho wa mwezi. Tena akifungua orodha ya waombaji haoni barua nzima, anaona jina, picha, bei na mistari miwili hivi ya mwanzo. Mistari yako miwili ya mwanzo ni "Mpendwa Bwana au Bibi, mimi ni mhitimu". Na wateja wengi wanaweka swali mwishoni mwa tangazo makusudi ili wajue nani amesoma mpaka chini na nani anabandika. Yeye aliuliza hela zilizorudishwa. Wewe kwenye barua uliyonionyesha hujamjibu.

Na kinachonikera kwa niaba yako ni kwamba jibu unalo! Fikiria mwezi mmoja kauza pauni 500, karudishia wateja 30, Etsy wakakata ada 55, benki ikaingia 415. Mtu asiyejua anaandika mauzo ni 415 na anafurahi maana benki imekubali, kumbe ameficha ada na marejesho yote humo ndani, na siku ya kodi mama wa watu anahangaika. Mhasibu anaandika mauzo 500, marejesho mstari wake, ada mstari wake, halafu anaonyesha 415 imetokea wapi. Wewe umesomea hiki. Ungeanza barua na "Hela ulizorudisha siwezi kuzizamisha ndani ya mauzo, naziweka mstari wake kwenye mwezi zilipotoka", ukambandikia na ukurasa mmoja wa mfano wenye namba za kubuni na ukasema wazi ni za kubuni, sina uhakika kama angekuchukua, hakuna mwenye uhakika huo, ila nafikiri angesimama kidogo kwenye jina lako.

Ndo maana nimekwama kwenye ile sentensi yako ya "kazi za bure". Mdogo wangu, faili linalopiga hisa, riba na faini za kikoba kizima, na mtu aliyekaa na wamama wamenuniana akaitafuta sh 14,000 mpaka akaipata, hiyo umeiweka mwisho wa barua kama aibu. Kwenye profaili yako ipo? Nahisi haipo. Profaili mpya isiyo na nyota inaokolewa na kitu kinachoonekana kwa macho, na wewe kitu unacho. Omba ruhusa kwa dada na wenzake, futa majina yote weka ya kubuni, badilisha kiasi, vichwa vya safu uviandike Kiingereza, piga skrinshoti, weka na maelezo mafupi ya ulipata tatizo gani ukalitatuaje. Pembeni yake weka ule mfano wa duka la mtandaoni. Halafu badala ya kuandika unafanya "uhasibu, Excel, kuingiza data na kazi yoyote", jiite mtu wa kulinganisha mauzo ya maduka ya mtandaoni na benki, basi. Utahofia kwamba unajifungia milango, na kweli utaomba kazi chache zaidi, hiyo ni gharama yake. Wateja wa Uingereza wengi wanatumia Xero, programu ya kutunzia vitabu vya hesabu, na ina kampuni ya mfano ndani yake ya kujifunzia bila kugusa vitabu vya mtu, wewe mwenye uhasibu wako kichwani haitakusumbua.

Bei nayo. Dola 3 uliiweka ukidhani inavuta, ila jiweke kwenye kiti cha mtu anayetaka kumkabidhi mgeni taarifa zake za benki. Bei ya chini kabisa kwenye mtandao mzima inamtuliza au inamtia wasiwasi? Wapo watakaokuambia anza chini upate nyota ndo upande, na hawajakosea moja kwa moja, tatizo wateja wa bei hiyo mara nyingi ndo wale wa kukukesheza bure na hesabu za miezi mitatu. Njia ya kati wanayotumia wengine ni kuchukua kakazi kadogo ka bei moja kwa kazi nzima, siyo kwa saa, kanakoisha siku moja mbili, wakalipwa sawasawa, wakapata maoni ya kwanza. Jaribio kubwa la bure usifanye tena, Upwork wenyewe wanakataza mteja kudai kazi ya bure. Angalia kama njia ya malipo ya mteja imethibitishwa, na kazi ya bei moja usiiguse kabla hajaweka hela yake kwa mtandao, maana ikishakaa pale, ukikabidhi naye akanyamaza siku 14 inaachiwa kwako yenyewe. Yule wa dola 40 ulimkimbia vizuri.

Haya, tuje kwenye akaunti ya kukodi, naona hapa ndo moyo wako ulipo.

Sitakukemea. Naelewa kinachouzwa pale, hizo nyota ni muda ambao wewe unaona huna. Ila tupige hesabu kama wahasibu. Umepata kazi ya dola 100, tuseme mtandao umekata 10, zimebaki 90, mwenye akaunti kachukua asilimia 40 yake, umebaki na 54, na bado hujatoa bando, umeme na ile laki na nusu ya mama. Hilo ni kama mambo yameenda vizuri. Hela inaingia kwenye jina la nani? La kwake. Akiamua kutokukutumia utamshtaki wapi, kwenye grupu la Telegram? Mteja akisema tuongee kwa video dakika tano atakutana na sura isiyo ya kwenye picha. Mitandao hii inadai kitambulisho na uso, na kanuni zao haziruhusu kukopeshana akaunti, wakigundua wanafunga na hela iliyomo inaweza kuzuiwa. Kinachoniumiza zaidi ni hiki rafiki yako anachosema kwamba ukipata uzoefu utatoka. Utatoka na nini? Nyota zitabaki kwa mwenye akaunti, mteja anayekuamini anamjua mtu mwingine, wewe utarudi kwenye profaili yako ile ile tupu, labda na kompyuta ambayo imeshahusishwa na akaunti iliyofungwa. Na kuna yule mama wa mishumaa upande wa pili, anayedhani anamjua anayefungua vitabu vyake. Hilo nakuachia ulipime mwenyewe.

Kuna watu wamekodi na wakapata hela, sitakudanganya. Ila ulishamuuliza rafiki yako mteja wake wa kwanza alimpataje? Kama alimpata kwa jina lake, anakushauri njia ambayo yeye hakupita. Kama alikodi, muulize leo hii nyota ziko kwa nani.

Ukeshia sasa. "Nikae nahesabu misumari" imenichekesha, halafu ikanifikirisha. Duka la vifaa vya ujenzi kwa Dodoma hii inayojengwa kila kona lina stoo, lina mashine ya risiti za TRA, lina daftari la mafundi wanaochukua saruji kwa mkopo na kulipa nusu nusu. Nina wasiwasi kidogo kama tajiri mwenyewe anajua faida yake ya mwezi. Mhasibu akikaa pale kwa macho ya kihasibu anaweza akatoka na mfano wa pili wa kuonyesha, kwa ruhusa ya mwenye duka, au hata mteja wa vitabu hapa hapa mjini anayelipa kwa shilingi. Anaweza pia akatoka na miguu imevimba na usingizi tu, masaa kumi na moja kwa siku ni mengi, na kazi za "kwa muda" zina tabia ya kukaa. Kuna watu wameingia dukani miezi mitatu wakakaa miaka. Kabla ya kusema ndiyo au hapana ningependa ujue mambo mawili kwa mwenye duka, kama kuna zamu ya nusu siku, na kama atakubali uguse vitabu badala ya droo peke yake.

Halafu hapa kuna jambo la saa ambalo linabadilisha picha nzima. Wewe unatuma asubuhi nyumba ikiwa tupu, wakati huo Marekani wamelala, kazi unazoziona ni za jana na zimeshajaa waombaji. Saa tatu asubuhi ya New York huku kwetu ni saa kumi jioni, miezi ya baridi yao ni saa kumi na moja. Uingereza tunapishana masaa mawili au matatu tu, wao wakianza kazi huku ni saa tano au sita mchana. Maana yake muda wako mzuri ni kuanzia mchana mpaka usiku, na sehemu kubwa ya huo, kama nyumba yenu ni kama nyingine, ndo muda wa kupika na madaftari ya watoto. Na ukienda dukani ukatoka saa moja, saa mbili usiku ya huku kwetu New York bado ni mchana kabisa. Kwa hiyo duka halifungi mtandao moja kwa moja, wala kukaa nyumbani hakukupi muda unaodhani unao.

Ukichagua kuendelea na meza peke yake, hatari yake ni ile hela ya karanga kuisha kidogo kidogo bila kuiona. Connect moja ni dola 0.15, kazi ikidai Connects 16 ni dola 2.40, kama elfu sita hivi kwa barua moja. Barua tano za kubandika ni elfu thelathini. Ingekuwa mimi ningeomba chache nilizosoma mpaka mwisho, na ningejiwekea kiwango ambacho kikifika nasimama, ila kiwango chenyewe ukijue wewe na mama. Fiverr huombi, unaweka tangazo lako unangoja, wanakata asilimia 20 na hela haitoki siku hiyo hiyo. Na hakikisha mapema hela itafikaje mkononi, PayPal kwa Tanzania unalipia lakini hupokei, wengi wanapitia Payoneer au benki moja kwa moja.

Nimeacha dada mpaka mwisho makusudi. Umeandika "hakusema kwa ubaya" halafu ukalia. Umeshakaa naye ukamwonyesha unachofanya kwenye hiyo kompyuta? Kwa macho yake anaona mdogo wake amekaa asubuhi nzima na skrini, LUKU inashuka na marejesho yanamsubiri tarehe yake. Mwalimu huyo, akielezwa anaelewa. Mwambie kuhusu saa, mwambie kwamba ukipata jioni tatu kwa wiki bila jiko utapika mchana au utafua za watoto wote Jumamosi, mpange. Mwambie pia kwenye hela yoyote ya kwanza, ya duka au ya mtandao, kiasi gani kitaenda kwenye marejesho, hata kama ni kidogo. Ile ya akaunti ya kukodi nayo jaribu kumsimulia kwa sauti, uone maneno yanatokaje mdomoni.

Shemeji naye anastahili jibu kabla mwezi haujaisha, hata kama jibu ni "naomba kwanza nikaongee na mwenye duka". Ukishaongea na dada niandikie tena, nataka kujua amesemaje kuhusu hizo jioni, na kama wamama wa kikoba wamekubali faili lao lionekane.

Anti